Wauguzi na Tanga Kunani: Mjadala wa Albamu Moja

Wagosi wa Kaya walipotoa albamu yao ya kwanza, Ukweli Mtupu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tanga ilikuwa imezoea kusikia vijana wa Dar es Salaam wakijisemea redioni. Wawili hawa, Mkoloni na Dr. John, waliingia na lafudhi ya nyumbani bila kuisafisha. Walichana kama wanaume waliokaa barazani, mmoja anatoa hoja na mwenzake anaidaka, kwa Kiswahili ambacho mtu wa Muheza akikisikia Kariakoo anageuka kumtafuta msemaji. Huku kwetu Bondei mgosi ni mtu unayeamkiana naye kila asubuhi, kwa hiyo tuliwapokea kama ndugu kabla hatujawasikiliza vizuri.

Nyimbo mbili zilitembea sana. Tanga Kunani iliuliza mji umepatwa na nini hata viwanda vikafungwa na watu wake wakakaa tu. Wauguzi iliwashitaki manesi kwa lugha chafu, dharau na rushwa. Wa kwanza ulipendwa na kila mtu. Wa pili uliacha kidonda ambacho hapa Muheza ukikigusa leo mtu bado anashtuka.

Naamini albamu ile ni kazi kubwa kuliko inavyosemwa siku hizi, na naiamini kwa sababu nyimbo hizo mbili zilikaa kwenye kaseti moja. Wapo wanaonikatalia, na hoja zao ni nzito, kwa hiyo nimeziweka hapa bila majina ya wenyewe. Sista ni muuguzi mstaafu, na mtaani bado anaitwa hivyo. Mzee alifanya kazi reli. Kijana ana kibanda karibu na stendi ya mabasi, anawaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi na flashi. Wa nne ni dada muuza machungwa. Hakualikwa, lakini yeye ndiye aliyeyageuza mazungumzo.

SISTA: Nianze mimi, maana aliyeimbwa ni mimi. Unatoka zamu ya usiku, miguu imevimba, unapita stendi na gauni lako jeupe, na redio ya kila kibanda inakusema wewe. Konda anakuangalia, anacheka. Sisemi walitunga uongo. Matusi yalikuwepo wodini. Nimewasikia wenzangu wakimwambia mwanamke mwenye uchungu maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya Mzee hapa. Na waliopokea pesa ya pembeni walikuwepo, tulikuwa tunawajua. Lakini wimbo haukuwachagua wale. Ulisema wauguzi, basi. Mimi niliyefunga kitovu cha mtoto kwa uzi nilioununua kwa hela yangu nikawekwa fungu moja na mla rushwa.

KIJANA: Shikamoo tena Sista, usinikasirikie. Wimbo ukianza kusema baadhi ya wauguzi, si wote, ila wachache, hapo unasikiliza taarifa ya kamati. Nani angeucheza? Walitaka wakubwa washtuke.

SISTA: Marahaba, mwanangu. Wakubwa gani walioshtuka? Aliyeshtuka ni matroni, akatuita kikaoni akatugombeza. Hakuna mkubwa aliyekuja usiku kuhesabu vitanda.

KIJANA: Lakini kugombezwa nako si kitu? Kabla ya wimbo mligombezwa lini?

SISTA: Ngoja kwanza nikupeleke wodini, maana unaongea kama mtu aliyewahi kufika mlangoni tu. Wodi ya wazazi, usiku. Wauguzi wawili, mmoja anazalisha, mmoja anaangalia waliokwisha kujifungua. Kitanda kimoja kina mama wawili wamelala mzungu wa nne, vichanga katikati. Umeme ukikatika unawasha chemli, unaishika kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili unapokea mtoto. Huyu kaja na glovu jozi moja na wembe alioununua duka la dawa. Yule hana glovu, hana pamba, hana hata kanga ya pili ya kumfunika mtoto. Utafanyaje? Umwambie mwenzake amgawie? Na huku wa kitanda cha tatu anaita, na mama mkwe wa mtu yuko dirishani anauliza mbona mmemwacha. Sauti inapanda hapo. Siitetei, nakwambia inapoanzia. Tena kuchangia gharama kulipoanza kwenye hospitali za serikali mwaka 1993, tuliosimama mlangoni kumwambia mgonjwa lipa kwanza ni sisi. Sera hatukuiandika. Mgonjwa haioni sera, anaona gauni jeupe. Na miaka hiyo hiyo serikali ikabana ajira. Aliyestaafu hakuletewa wa kushika nafasi yake.

Kwangu mimi hakuna kipande cha mjadala huu kilichokuwa na uzito kuliko hicho, na nakiri kwamba hakuna mstari wa wimbo wowote wa miaka ile uliofika mpaka pale, kwenye chemli iliyoshikwa kwa mkono mmoja. Mzee ndiye aliyekiendeleza, akitokea upande ambao Sista hakuutarajia.

MZEE: Sista, umesahau mashamba.

SISTA: Mashamba gani, Mzee?

MZEE: Ya mkonge. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000, na duniani hapakuwa na aliyetupita. Nilikuwa mtoto wa shule. Nikisimama pale stesheni naona mabehewa ya marobota yanashuka bandarini Tanga, moja baada ya jingine, mpaka unachoka kuhesabu. Wajerumani ndio walioianza reli ile Tanga kwenye miaka ya 1890, na ikafika Moshi mwaka 1911. Mkonge ndio ulioilisha. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaporomoka. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na kuyaendesha kukatushinda. Mwishoni mwa miaka ya 90 nchi nzima ilikuwa haifikishi tani 30,000. Sasa sikiliza. Shamba la mkonge lilikuwa mji. Lilikuwa na kambi, duka, na mashamba makubwa yalikuwa na zahanati. Mkata mkonge akijikata na panga, au mkewe akishikwa na uchungu, walihudumiwa kule kule. Shamba likifa, zahanati inakufa, na wagonjwa wote wanakuja kwako.

Sista alikaa kimya kidogo kabla ya kumjibu.

SISTA: Walikuwa wanakuja kweli. Wanashushwa na matrekta. Sikuwahi kuliunganisha na mkonge.

MWANDISHI: Hilo ndilo ninalolisema kuhusu albamu hii. Tanga Kunani inauliza viwanda vimekwenda wapi. Wauguzi inauliza kwa nini mama anatukanwa wodini. Ukizisikia mbalimbali, ya kwanza ni huzuni ya mji na ya pili ni hasira ya mgonjwa. Ukizisikia kwenye kaseti moja, kutoka kwa watu wale wale, chini ya jina moja walilolichagua wenyewe, unaanza kujiuliza kama ni habari moja. Mji uliopoteza kiwanda chake cha mbolea, uliopoteza mkonge na kazi, ndio huo huo ulioleta wagonjwa wengi kwa wauguzi wawili. Hawakulisema hilo waziwazi kwenye wimbo mmoja. Waliliweka kwenye albamu, na msikilizaji aliachiwa kuunganisha.

SISTA: Unawasaidia, mwandishi. Unawatungia walichokiacha. Mgonjwa hakusikia kaseti yako nzima, alisikia redio. Redio ilipiga wimbo mmoja, asubuhi, mchana na jioni. Nani alikwenda kununua kaseti ili asikie upande wangu? Tena hata angeinunua, upande wangu haumo. Umo wa viwanda.

Hoja hiyo sijaipatia jibu la kunitosha. Ni kweli redio ndiyo iliyozikuza nyimbo za kizazi kile, na redio haikuwahi kucheza albamu kwa mpangilio. Inachukua wimbo unaouma na kuuacha ule unaoeleza. Lakini anayepanga cha kurushwa hewani ni redio, na lawama hiyo siwezi kuwatupia Mkoloni na Dr. John.

KIJANA: Siku hizi ndiyo imekuwa zaidi. Mtu anakuja na memori kadi ananiambia niwekee za zamani. Naweka Tanga Kunani kwa kila mtu wa Tanga, hata asipouliza. Wauguzi hauulizwi sana. Na sijawahi kumsikia mteja akitaka Ukweli Mtupu yote. Albamu ni kitu cha wazee, msinielewe vibaya. Ukitoa wimbo mmoja, ukapiga, unatoa mwingine. Ukikaa na nyimbo kumi ndani unangojea nini?

MZEE: Mjukuu wangu, hilo si jipya. Sisi tulianza na moja moja. Santuri ndogo ilikuwa na wimbo huku na wimbo kule, na mara nyingi ulikuwa wimbo ule ule umekatwa vipande viwili. Upande wa kwanza unaimbwa, unageuza, magitaa yanachukua. Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, wote wa Tanga, tuliwajua hivyo. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, zikatengenezwa Nairobi. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, nao wa Tanga, ilirekodiwa na Assanand wa Mombasa. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, Horohoro haikupitika tena mpaka 1983. Na albamu iliyowakusanya Black Star na Lucky Star, ile inayoitwa Nyota, unajua ilitolewa wapi? London, mwaka 1989, na lebo ya GlobeStyle. Nyimbo alizoimba Shakila sisi tukizisikia harusini, Waingereza ndio waliozipanga, wakaandika maelezo, wakaweka picha.

KIJANA: Sasa si walitusaidia?

MZEE: Walisaidia. Sikatai. Nauliza tu kwa nini mpangilio wa nyimbo zetu ungoje mtu wa kuja kuupanga. Na wengine tuliwapoteza kabisa. Ndugu Wilson na George Kinyonga walikuwa hapa na Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 wakaenda Arusha, 1971 wako Nairobi, wakawa Simba Wanyika. Tukawa tunawasikia kutoka nje, wakiimba mapenzi na maisha ya jiji la watu. Nawapenda mpaka leo. Ila hawakuja kuniuliza reli imekuwaje. Wagosi waliuliza.

Mzee akisema reli, anamaanisha jambo mahususi. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilipofufuliwa mwaka 2019, watu wengi walidhani kaskazini yote imepona. Lakini njia ya kutoka Dar inaungana na njia ya Tanga pale Mnyusi, kisha inaelekea Korogwe na kupanda. Muheza iko upande wa pili wa makutano, kwenye kipande kinachoshuka Tanga. Msafiri wa treni ile hatuoni. Swali ambalo wimbo uliliuliza miaka ishirini na zaidi iliyopita bado lina mahali pa kukaa.

Hapo ndipo dada muuza machungwa alipoweka beseni chini. Alikuwa akisikiliza kwa muda mrefu kuliko tulivyojua.

MUUZA MACHUNGWA: Samahani wazazi wangu, naomba niingilie. Mimi nilijifungua miaka hiyo. Sitataja hospitali. Niliambiwa nifumbe mdomo, wakati wa kulifanya jambo lile hukupiga kelele. Niliambiwa mbele ya watu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikarudi nyumbani na mtoto wangu, kila mtu anafurahi, na mimi ndani ya moyo najiona mchafu. Sikumwambia mtu, hata mama yangu. Halafu siku moja nachuma machungwa shambani, redio iko kwenye kikapu, unakuja ule wimbo. Wanaume wanasema. Wanaume, Sista! Wanasema kitu nilichodhani ni aibu yangu peke yangu. Nililia juu ya mti.

SISTA: Pole, mwanangu.

MUUZA MACHUNGWA: Nimeshapoa. Lakini wewe unasema wimbo ulikuonea, na mimi wimbo ndio ulionisemea. Mimba yangu ya pili nilikwenda na wifi yangu. Nesi alipoanza kupandisha, wifi akamwambia, unataka na wewe uimbwe? Yule nesi alicheka, akapoa. Sisi hatukuwa na ofisi ya kupeleka malalamiko. Tulikuwa na wimbo.

SISTA: Na mimi sikuwa na wimbo. Ndiyo maana nasema.

MUUZA MACHUNGWA: Basi uimbwe wa kwako. Lakini usiseme wa kwangu ukae kimya.

Nimeurudia ubishi huu mara nyingi kichwani, na siwezi kuumaliza kwa kusema kila mmoja ana haki yake, kwa sababu haki zao ziligongana kwenye wimbo mmoja. Nikilazimika kuchagua, namchagua muuza machungwa. Sista alikuwa na mshahara, hata kama ulichelewa, na alikuwa na mlango wa ofisi ya kugonga, hata kama haukufunguliwa. Binti wa miaka kumi na tisa hakuwa na mlango wowote. Vijana wawili walimtangulia kulisema lake kwa sauti, nchi nzima ikasikia, na yeye akajua hakuwa peke yake. Hiyo ni kazi ambayo gazeti halikuifanya na mbunge hakuifanya.

Hata hivyo Sista ananidai kitu. Muziki wa kulalamika kwa lafudhi ya kijiji chako hauko kwetu tu. Huko Uingereza wako wawili wa Nottingham, Sleaford Mods, Jason Williamson na Andrew Fearn. Mmoja anasema kwa haraka kwa matamshi ya kwao, bila kujidai mtu wa London, na mwenzake anashughulikia mapigo ya kompyuta. Wanasema juu ya kazi mbovu, ukata na watu wanaochoka. Hasira yao haichagui. Inampata jirani, inampata bosi, inampata na mwanasiasa. Nikiwaweka karibu na Wagosi naona Wagosi walikuwa na ujasiri mkubwa zaidi kwa jambo moja: waliimba katika nchi ambayo redio yake, kwa miaka mingi, ilikuwa moja na ya serikali, na bendi zilirekodi huko huko. Redio za watu binafsi zilikuwa na umri wa miaka michache tu. Lakini naona pia kwamba ngumi iliyotua kwa nguvu zaidi ilimpata aliye karibu, mwenye gauni jeupe, na aliyepanga ajira na ada alisikia kwa mbali.

MZEE: Ungekuwa wewe ungemwimba nani? Waziri?

MWANDISHI: Ningemwimba nesi, kama walivyofanya. Kisha ningeongeza ubeti mmoja wa chemli.

SISTA: Ubeti mmoja tu ningeridhika. Sikuomba wimbo mzima.

KIJANA: Mimi mnaniacha na swali la biashara. Mzee, hiyo kaseti unayo?

MZEE: Ninayo. Utepe umelegea kidogo, lakini unasoma.

KIJANA: Naweza kuiingiza kwenye kompyuta, nikaisafisha, nikaiweka yote pamoja, kwa jina lake. Anayetaka Tanga Kunani apewe na Wauguzi, apewe na nyingine zote.

MWANDISHI: Kwanza uwatafute wenyewe. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo kwa kazi hiyo. Hao wawili walitoka enzi za kaseti, wakati nakala za wizi zilikuwa zikimtangulia mwenye mali sokoni. Usianze kuwaenzi kwa kuwaibia tena.

KIJANA: Nitawatafuta. Tanga si mbali. Lakini wakikubali, niziweke walivyozipanga wao?

MWANDISHI: Walivyozipanga wao, bila kugusa.

SISTA: Mimi ningeomba Tanga Kunani itangulie. Msikilizaji ajue kwanza mji umefika wapi, ndipo anikute mimi wodini.

MUUZA MACHUNGWA: Hapana, Sista. Ukianza na viwanda, watu watakuwa wameshawasamehe manesi kabla hawajasikia tulichofanyiwa.